UZI: Anakula, anashiba, utapiamlo atautoa wapi?

Kipimo Kwanza (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kichwa cha uzi ni swali nililokutana nalo kwenye mada ya mtu mwingine, na aliyeuliza alikuwa amekasirika kwelikweli. Mtoto wake anakula mara tatu kwa siku, halafu anaambiwa ana utapiamlo. Sikutaka kuharibu mada ile, nikaona nilete uzi hapa. Kazi yangu ni lishe, nitaandika ninachokijua. Walioko wodini na wenye maswali karibuni. Ni mrefu, asiye na muda arudi usiku.

Tumbo hupima ujazo. Likijaa linatoa taarifa kwamba limejaa, wala halijui kama kilichoingia kina chuma, zinki na vitamini A au ni wanga mtupu. Mtu anaweza kushiba kila siku kwa miaka na damu yake ikawa pungufu, kwa sababu sahani inarudia kitu kilekile. Kwa hiyo kushiba kwa mtoto hakutoshi kumjibu aliyempima.

Utapiamlo ni mwili kutopata kwa kiasi kinachoufaa kile unachokihitaji: nishati, protini, mafuta, vitamini, madini. Kupungukiwa ni utapiamlo, na kuzidishiwa ni utapiamlo vilevile. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaweka kapu moja ukondefu, udumavu, uzito pungufu, ukosefu wa vitamini na madini, uzito uliozidi, na yale magonjwa yasiyoambukiza yanayoletwa na mlo, kama aina fulani za kisukari na magonjwa ya moyo. Kwa makadirio yao ya mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa walikuwa milioni 149, wenye ukondefu milioni 45 na wenye uzito uliozidi milioni 37. Kwa watu wazima, wenye uzito uliozidi walikuwa bilioni 2.5 na wenye uzito pungufu milioni 390. Yaani kwa wakubwa, waliozidi ni zaidi ya mara sita ya waliopungua, na bado tukisikia neno utapiamlo tunawaza mtoto mwenye mbavu nje.

Sasa ukondefu na udumavu, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganya.

Ukondefu ni wa ghafla. Mtoto alikuwa sawa mwezi uliopita, akapata homa, akaharisha, akagoma kula, nguo zikampwaya. Unapimwa kwa kulinganisha uzito na urefu wake. Unaonekana kwa macho ukishakuwa mkali, unaua haraka, na ukitibiwa vizuri mtoto anarudi.

Udumavu ni wa polepole. Mtoto wa miaka mitatu ana kimo cha wa miaka miwili. Mashavu anayo, anacheza, anacheka. Ukimtazama peke yake huoni tatizo lolote mpaka uulize umri. Unapimwa kwa kulinganisha urefu na umri. Mwili uliokosa vifaa kwa muda mrefu haukatai kujenga, unajenga kwa ramani ndogo, kama fundi aliyeletewa nusu ya matofali. Na kimo ndicho kinachoonekana tu. Ubongo nao unajengwa kipindi hichohicho: mtoto akizaliwa una takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na akifikisha miaka miwili umeshafika kama robo tatu. Ndiyo maana watu wa lishe tunaimba siku 1,000 mpaka tunachosha: siku 270 za mimba, na 730 za miaka miwili ya kwanza. Baada ya hapo mlo bora una faida zake nyingi, lakini kimo kilichopotea hurudi kwa shida na mara nyingi hakirudi chote.

Kuna kipimo cha tatu, uzito kwa umri. Binafsi sikipendi kikitumika peke yake. Mtoto mfupi mwenye mwili wa kutosha na mtoto mrefu aliyekonda wanaweza kuandikwa namba moja, na matatizo yao ni tofauti kabisa.

Halafu kuna unyafuzi, ambao wengine mnauita kwashakoo. Huu ndio unaodanganya macho kuliko yote, kwa sababu mtoto anaonekana kanenepa. Miguu inavimba, uso unajaa, nywele zinapauka na kung'oka kirahisi, ngozi inabanduka, na mtoto anakuwa mnyonge, hataki kushikwa wala kula. Kile kinachojaa ni maji. Mwenzake ni nyongea: ngozi na mifupa, uso wa kizee, ila mara nyingi ana njaa kali. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), aliuelezea unyafuzi kwenye jarida la kitabibu. Aliuona kwa watoto waliokatishwa ziwa wakahamishiwa mlo wa nafaka tupu. Kwa miongo mingi ikafundishwa kwamba sababu ni kukosa protini, basi. Baadaye ikaonekana hesabu haifungi: watoto wa eneo moja, mlo unaofanana, mmoja anapata nyongea na mwingine unyafuzi. Ukisikia mtu anakueleza chanzo chake kwa neno moja, mwache amalize, kisha endelea na mambo yako.

Kundi jingine ni njaa iliyofichika, yaani umeshiba lakini umekosa vitamini na madini. Ukikosa chuma damu inapungua, unachoka bila kazi, na mama mjamzito anaingia kwenye uzazi akiwa hana akiba. Ukikosa vitamini A unaanza kutoona jioni, macho yanakauka, mwisho upofu, na hata kabla ya macho kinga imeshashuka. Ukikosa madini joto (ayodini) shingo inaota rovu, na kwa mjamzito ubongo wa mtoto aliye tumboni unaumia. Matege ni vitamini D au kalsiamu, kiseyeye ni vitamini C, hayo tulisoma shuleni. Lisilosemwa vya kutosha ni asidi ya foliki. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliotoka mwaka 1991 ulihusu wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Waliotumia asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba, kasoro hiyo ilipungua kujirudia kwa asilimia 72 hivi. Ugumu wake ni kwamba sehemu hiyo ya mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Ukingoja kliniki ya kwanza umechelewa.

La mwisho kabla sijawaachia jukwaa: chakula kinaweza kuwa kizuri na mwili usikifaidi. Kuharisha, minyoo, malaria, surua, kifua kikuu, VVU, vyote vinakula akiba ya mwili au vinazuia kufyonza. Mwili uliodhoofika nao unaumwa upesi zaidi, ukiumwa unadhoofika tena. WHO wanasema karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka 5 vinahusishwa na lishe pungufu. Cheti kitaandikwa nimonia au kuharisha, utapiamlo hautajwi popote.

Karibuni.

Mbishi Halisi

Heshima yako mkuu, ila hii ni lugha ya semina. Utapiamlo ni umaskini. Mpe mtu hela uone kama utabaki. Majina mengi haya ni ili semina zisiishe.

Mfupi Mkorofi

Mimi mfupi, baba mfupi, babu ndiyo usiseme. Ukoo mzima tumedumaa? Mbona darasani tulikuwa tunawaongoza nyie warefu 😂

Kipimo Kwanza

Mbishi, nusu yako ni sahihi na sitaki kuipunja. Mwaka 2021 watu kama bilioni 3 duniani hawakumudu gharama ya mlo bora. Mwanauchumi Amartya Sen alichambua njaa ya Bengal ya 1943 akaonyesha kwamba watu walikufa hasa kwa kukosa uwezo wa kukipata chakula, wakati kupungua kwa chakula chenyewe hakutoshi kueleza vifo vile. Hela ina nafasi yake kubwa.

Lakini chukua Uswisi. Mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na maeneo ya milimani ambako rovu ilikuwa jambo la kawaida na watoto wengine walizaliwa na ulemavu wa akili. Udongo wao haukuwa na madini joto ya kutosha. Uwe na ng'ombe wangapi, kama nyasi, maziwa na mboga vyote vinatoka kwenye udongo uleule, shingo inavimba. Mwaka 1922 wakaanza kutia madini joto kwenye chumvi, Marekani wakafuata 1924. Na unene wa kupindukia je? Huo hela inaweza hata kuuongeza. Umaskini ni mlango mpana, nakubali, ila nyumba ina milango mingine.

Mfupi Mkorofi, swali lako ni zuri kuliko utani wako. Kigezo cha udumavu kimewekwa mahali ambapo hata katika watoto 100 waliolishwa vizuri kabisa, 2 au 3 wataangukia chini yake kwa maumbile tu. Unaweza kuwa mmoja wao. Mtu mmoja mfupi hathibitishi chochote. Jamii ambayo watoto 30 kati ya 100 wako chini ya mstari huo, hapo usinitajie babu.

Na hili lilipimwa. Viwango vya ukuaji vya WHO vilivyotoka 2006 vilitokana na watoto kama 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wakiwa wamenyonyeshwa vizuri, mama zao hawavuti sigara, huduma za afya zipo. Wakakua karibu sawa. Tofauti ya urefu iliyotokana na nchi anayotoka mtoto ilikuwa asilimia 3 hivi, kubwa ilikuwa kati ya mtoto na mtoto. Mtoto wa miaka miwili, awe wa wapi, akilishwa na akiwa mzima anakua kwa mstari unaofanana na wenzake.

Mfupi Mkorofi

Kwa hiyo nimepona kwa takwimu. Asante mkuu.

Mama Pacha

Samahani wakuu, naomba kuuliza, msinicheke. Nina mapacha wa mwaka mmoja na miezi minane. Mmoja kama wiki mbili sasa mashavu yamejaa, na miguu imenona, watu wanasema ananenepa na mimi nilifurahi. Lakini hachezi. Nikimbeba analalamika, chakula anageuza uso. Nywele zake zimekuwa kama za kahawia wakati za mwenzake ni nyeusi. Nimesoma hapo juu moyo umenilipuka.

Nesi wa Zamu

Dada, lako lisingoje mjadala. Shika miguu yake yote miwili, bonyeza kwa vidole gumba sehemu ya juu ya mguu, chini ya kifundo, hesabu sekunde tatu, achia. Kishimo kikibaki, na kiwe miguu yote miwili, rudi hapa uniambie.

Mama Pacha

Kimebaki. Yote miwili.

Nesi wa Zamu

Nenda hospitali leo, usingoje kesho. Endelea kumnyonyesha njiani kama bado ananyonya, mfunike vizuri, watoto wa hali hii hupoa mwili haraka. Usimlazimishe mlo mzito kwa kutaka kumfidia. Ukifika sema lini uvimbe ulianza, kama ana homa, kama anaharisha, mkojo ukoje. Figo nazo zinaweza kuvimbisha mtoto, daktari ndiye atakayetenganisha. Kama ni unyafuzi, uvimbe huo peke yake unatosha kumweka kundi la utapiamlo mkali, hata kama mzani unasoma vizuri. Maji yana uzito.

Duka la Afya Bora

Poleni sana wapendwa. Tuna unga maalum wa lishe wenye virutubisho vyote zaidi ya 90, unaondoa udumavu, kwashakoo, upungufu wa damu na kuongeza akili ya mtoto. Njoo inbox.

Nesi wa Zamu

Kaka au dada, mtoto anakimbizwa hospitali hapo juu na wewe unafungua duka? Vidonge vya chuma ni sumu kwa mtoto akizidisha. Vitamini A nyingi kwa mjamzito inaweza kumharibu mtoto tumboni. Hicho chenye "vyote zaidi ya 90" kimeandikwa kiasi gani cha kila kimoja? Andika hapa hapa, usituite inbox.

Mzee Kobe

Vijana, mimi nimefundisha miaka mingi. Si kila mtoto anayesinzia darasani ana utapiamlo. Wengine ni wavivu tu, tusiwatafutie sababu.

Kipimo Kwanza

Shikamoo mzee wangu. Wavivu wapo, sibishi. Lakini ngoja nikupe kisa kimoja halafu uamue mwenyewe.

Kati ya 1944 na 1945, kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 wa kiume, wazima wa afya, waliojitolea wenyewe. Kwa wiki 24 akawalisha nusu ya walichozoea hivi, mpaka wakapoteza kama robo ya uzito wao. Hawa walikuwa wamechaguliwa kwa akili timamu na miili yenye nguvu. Wakawa wanakasirika ovyo, hawataki kuongea na wenzao, hawawezi kutuliza fikra kwenye jambo moja, wengine wakaanza kusoma vitabu vya mapishi usiku na mchana. Vicheko viliisha, hamu ya wanawake iliisha. Hakuna aliyezaliwa mvivu mle ndani.

Mwili unaobana matumizi hukata kwanza visivyo vya lazima, na kwa mtoto mdogo kucheza na kudadisi ni miongoni mwa vya kwanza kukatwa. Kupungukiwa chuma kunafanya hivyohivyo kimyakimya, wala mtoto hajakonda. Kabla ya kumwandika mvivu, apimwe damu. Ikionekana iko sawa, mzee endelea naye.

Mzee Kobe

Marahaba. Kisa hiki sikuwa nacho. Nitawauliza wazazi wa wawili ninaowafikiria.

Mbishi Halisi

Hiyo ya Uswisi nimeenda kuisoma, ni kweli, nimenyamaza. Ila mnaposema "mnene ana utapiamlo" mnaniacha. Mnene kakosa nini?

Kipimo Kwanza

Nishati kazidisha, vingine huenda kakosa. Mlo wa sukari, mafuta na unga uliokobolewa unaleta kalori nyingi na vitamini kiduchu. Zaidi ya hapo, mafuta mengi mwilini huleta hali fulani ya uvimbe wa ndani kwa ndani, na hali hiyo inazuia chuma kisifyonzwe vizuri. Ndiyo maana nyumba moja unaweza kukuta mama mnene mwenye upungufu wa damu na mtoto aliyedumaa. Wanakula pamoja.

Na yapo mambo yanayoanzia tumboni. Uholanzi ilipata njaa kali majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 wakati wa vita. Waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati ule walifuatiliwa mpaka uzeeni, wakaonekana kuwa na matatizo zaidi ya sukari, na waliopatwa na njaa hiyo mimba ikiwa changa wakaonekana zaidi na maradhi ya moyo. Mwili ulijipanga kwa dunia ya uhaba, ukazaliwa ukakuta wingi.

Mama Pacha

Wakuu, tumelazwa tangu ile siku. Ni unyafuzi. Nesi, Mungu akubariki. Ila kuna vitu sivielewi na hapa wauguzi wana kazi nyingi naogopa kuwasumbua. Wanampa maziwa kidogo tu kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Leo analia anataka zaidi na hawaongezi. Nikaomba dawa ya kuongeza damu wakasema bado. Na jambo la kunitia hofu: amepungua uzito tangu tuingie!

Nesi wa Zamu

Waulize tu, dada, ni haki yako. Lakini hayo matatu ni habari njema au ya kawaida.

Analia anataka zaidi: hamu ya kula imerudi. Tunaisubiri hiyo kuliko kitu chochote.

Kupungua uzito: maji yanatoka. Uvimbe ukiisha ndipo utauona uzito wake wa kweli, na hapo ndipo kupanda kunaanza kuhesabiwa.

Maziwa kidogo: hayo yanaitwa F-75, yaani kalori 75 kwa mililita 100. Yametengenezwa yasinenepeshe, yamtulize tu. Mwili uliokaa na njaa umebadilisha namna ya kufanya kazi: moyo, ini na figo vyote vinakwenda polepole. Ukiumwagia chakula kingi ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hukimbilia ndani ya seli, kwenye damu vinashuka, moyo unaweza kusimama. Mwaka 1945 wafungwa walipokombolewa kutoka kambi za Wanazi, baadhi yao walikufa baada ya kupewa vyakula vizito na watu waliowahurumia. Akitulia na uvimbe ukipungua watampandisha kwenye F-100, au kile chakula dawa cha karanga na maziwa cha kwenye pakiti.

Dawa ya damu: mwanzoni chuma kinaweza kuwanufaisha vijidudu kabla ya mtoto. Kinaletwa baadaye, akishaanza kupona. Chakula dawa chenyewe tayari kina chuma ndani.

Mama Pacha

Asante sana. Sasa mwenzake mbona mzima? Wanakula chungu kimoja, wanalala kitanda kimoja. Ndugu wa mume wameanza maneno, eti mmoja nampendelea.

Kipimo Kwanza

Waonyeshe hili. Malawi walifuatilia mamia ya mapacha, matokeo yakachapishwa 2013. Zilikuwepo jozi nyingi ambazo mmoja alipata utapiamlo mkali na pacha wake akabaki salama, mama mmoja, chakula kimoja. Walipochunguza bakteria wa tumboni wakaona wanachangia, pamoja na mlo wenyewe. Hakuna aliyempendelea mtu.

Ila huyo mzima naye apimwe, usimwamini kwa macho. Waombe hapohapo wamvalishe ule utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia hapo mpaka chini ya 12.5 ni wa wastani. Unachukua nusu dakika. Mama anaweza kufundishwa akafanya mwenyewe nyumbani, na kwa maoni yangu kila mama angekuwa nao.

Na mkitoka, unapowapikia angalia aina za chakula. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 23 tunahesabu makundi nane: maziwa ya mama, nafaka na mizizi, jamii ya kunde na karanga, maziwa mengine, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, mboga na matunda mengineyo. Angalau matano kwa siku. Uji uwe mzito wa kubaki kwenye kijiko, tumbo lake ni dogo, uji wa majimaji unalijaza maji. Wakiugua wasikatishwe kula, na wakipona waongezewe mlo mmoja kwa wiki mbili hivi.

Mjukuu wa Bibi

Mmezungumzia watoto tu. Bibi yangu ana miaka 78, alikuwa na kilo 80, sasa 72 ndani ya miezi mitano. Hajajaribu kupungua. Kwa kimo chake bado anaonekana ana mwili, kila mtu anamsifu kapendeza.

Nesi wa Zamu

Asifiwe na nani? Kilo 8 kati ya 80 ni asilimia 10. Mtu mzima akipoteza kiasi hicho ndani ya miezi mitatu hadi sita bila kukusudia, tunamhesabu kwenye hatari kubwa ya utapiamlo hata kama bado ni mnene. Kwa wazee kinachokwenda kwanza mara nyingi ni misuli, ndipo wanapoanza kuanguka.

Mpeleke. Wapime sukari, damu, tezi, kifua, na wamchunguze saratani. Beba dawa zake zote, zipo zinazoua hamu ya kula na zipo zinazozuia vitamini B12 isifyonzwe. Halafu nyumbani chunguza mambo madogo: anakula na nani, anasikia ladha, anameza bila shida, ana huzuni, meno yakoje?

Mjukuu wa Bibi

Meno! Ya chini yote yaling'oka mwaka jana. Na sisi tunampikia nyama kama kawaida, sahani ikirudi tunasema hana njaa.

Nesi wa Zamu

Basi nyama isagwe, maharage yapondwe, mayai, maziwa, samaki laini, kidogokidogo mara tano kwa siku. Lakini hospitali aende wiki hii hii. Meno yanaweza kueleza kilo mbili tatu, nane sizikubali mpaka wampime.